Mfereji wa Darasa la Nane

Laurentine alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari ya Kasungami, kule ambako jiji la Lubumbashi linakwisha kwa kusitasita: nyumba za matofali, kisha shamba la mahindi, kisha nyumba tena, kisha kichuguu kirefu kuliko nyumba zote. Babu yake aliletwa kutoka kaskazini ya Katanga kufanya kazi ya reli, na baba yake hakuwahi kushika jembe. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa shamba. Alichokipenda ni kueleza, na mwaka ule alikuwa akieleza jinsi watu wa kale walivyoacha kuhamahama, wakakaa kando ya mito mikubwa, wakajenga miji ya kwanza.

Watoto wa darasa la nane walimsikiliza kwa heshima, lakini macho yao yalikuwa yakitangatanga. Naili ilikuwa mbali. Mito ya Frati na Hidekeli waliijua kutoka kanisani tu. Hata alipowaambia kwamba huku kwetu pia, kwenye bonde la Lualaba, watu walizikana na vyungu na vipande vya shaba zaidi ya miaka elfu iliyopita, waliandika, wakafunga madaftari. Ni Kiki peke yake aliyeinua mkono. Kiki alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye kuuliza mpaka wenzake wakaguna.

"Madame, juu ya nini balienda kukaa ku muto? Habakuogopa mamba?"

"Balikuwa banaogopa," Laurentine akajibu. "Lakini njaa ilibaogopesha zaidi."

"Na mayi yenyewe? Kama inajaa usiku?"

"Njo pale balijifunza kuchimba mifereji. Na muntu moja hawezi kuchimba mufereji, Kiki. Ataanza, atachoka, mayi itamushinda. Balipashwa kukutana. Na kama bantu bengi banakutana, inaomba mumoja aseme: weye chimba apa, weye ngoja. Njo vile miji ilianza."

Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo baadaye alitamani lisingemjia kamwe. Chini ya shule kulikuwa na kijito, na ng'ambo ya ukingo wake kulikuwa na bustani ya Mama Chama, nyanya yake Kiki, mwanamke wa familia ya zamani ya pale, waliokuwepo kabla ya shule na kabla ya barabara. Mama Chama alilima kabichi, vitunguu na mboga za majani za lengalenga, na kila siku alipandisha maji kwa ndoo kutoka kijitoni. Mwishoni mwa bustani, mahali pa chini kabisa, palikuwa na kisima chake. Nyumba zote za jirani zilichota pale maji ya kunywa.

Laurentine alikwenda kumwomba: darasa lake lichimbe mfereji kutoka sehemu ya juu ya kijito, maji yateremke yenyewe hadi kwenye matuta yake. Watoto wajifunze kwa mikono, na Mama Chama apumzike kubeba ndoo.

Mama Chama alimtazama kwa muda. "Batoto ba masomo bachimbe?" akauliza, akacheka. "Haya. Baje. Lakini basiniharibie kabichi."

Walichimba kwa majuma kadhaa, saa za mchana baada ya masomo. Waligombana, wakapatana, wakagawana zamu. Falonne, kiongozi wa darasa, akawa ndiye anayesema nani achimbe na nani apumzike. Laurentine aliwatazama akafurahi kimoyomoyo, maana kila alichokuwa amekiandika ubaoni kilikuwa kikitokea mbele ya macho yake. Mdomoni mwa mfereji waliweka ubao mzito ulioshikwa na nguzo mbili, wa kupandisha na kushusha, ili maji yaingie au yazuiwe.

Siku ya kuufungua ilikuwa asubuhi ya mawingu. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku kule juu, na kijito kilikuwa kimejaa na kuwa chekundu. Laurentine alikuwa amevaa mabuti ya mpira aliyoazima kwa dada yake. Watoto walikuwa pekupeku, suruali na sketi zimekunjwa hadi magotini.

Walipandisha ubao. Maji yakasita kidogo, kana kwamba hayaamini, kisha yakaingia. Watoto wakapiga kelele, wengine wakarukia mdomoni mwa mfereji kusafisha majani yaliyokwama. Kiki hakungoja. Alikimbia sambamba na maji kuteremka bustanini, akitaka kuwa wa kwanza kuyaona yakifika mwisho.

Laurentine alikuwa akicheka alipoona povu.

Lilikuja kutoka juu, polepole, la manjano, likizunguka kwenye kona ya kijito. Alidhani ni sabuni ya watu wanaofua. Kisha harufu ikafika: kama kutu, kama maji ya betri, harufu ya kukwaruza koo. Chura akatoka majini, akatua ukingoni, akaruka tena na tena bila mwelekeo, kama kitu kilichokanyagishwa makaa. Na nyuma ya povu wakaja samaki wadogo, wengi, matumbo juu, wamesongamana kama majani makavu.

Kila mtu wa Kasungami alijua kwamba kule juu kulikuwa na kiwanda kinachoosha shaba, na nyuma ya kiwanda kulikuwa na bwawa la maji yake machafu, lililozuiwa na ukuta wa udongo. Watu walilitaja kama wanavyotaja mbwa mkali wa jirani: lipo, limefungwa, tupite. Laurentine akaelewa kwamba mvua ya usiku imeubomoa ukuta ule.

Akapaza sauti. "Mutoke! Batoto bote, mutoke mu mayi! Mutoke!"

Walimtazama wakicheka bado. Mmoja akainua mguu, akautazama, uso ukabadilika. "Madame, inaunguza."

Wakatoka kwa kukanyagana, wakilia, wakijifuta miguu kwenye majani. Laurentine akawahesabu kwa macho, akaanza upya, akasahau alikofika. Ndipo akatazama kule chini. Mbali, mwishoni mwa matuta, Kiki alikuwa amechuchumaa ndani ya mfereji, mgongo umewageukia, akichezea maji yaliyoanza kufika. Hatua chache mbele yake kilikuwepo kisima.

Maji safi yalikuwa yametangulia. Maji mabaya yalikuwa yakifuata nyuma yake, na yalikuwa yameshaingia mdomoni mwa mfereji.

Laurentine alisimama kati ya mambo mawili. Ubao ulikuwa pale, karibu na mkono wake. Akiuacha, kijito kizima kitamiminika bustanini hadi kisimani, na watu wote wanakunywa pale. Mtoto alikuwa kule. Angeweza kukimbia. Miguu yake ilishaanza kugeuka.

"Falonne!" akapiga ukelele. "Kimbia ukingoni, usiguse mayi! Mutoe Kiki!"

Na yeye akaruka ndani ya mfereji, akaukamata ubao.

Ubao haukushuka. Ulikuwa umevimba kwa maji, umeng'ang'ania kati ya nguzo. Aliuning'inia kwa uzito wake wote. Maji yalimpiga magotini, yakaingia ndani ya mabuti, na mikono yake ikaanza kuwaka kana kwamba ameisugua kwa pilipili kali. Harufu ilimjaa kichwani. Alisikia jina la Kiki likiitwa kule chini, mara ya kwanza, mara ya pili, sauti ya Falonne ikipasuka, na hakusikia jibu. Hakugeuka kutazama. Aliogopa kwamba akitazama ataachilia.

"Udongo!" akawapigia watoto kelele. "Mutupe udongo, majani, kila kitu!"

Wakatupa. Walikuwa wakilia huku wakitupa, kwa mikono, kwa karai, kwa masepeto waliyochimbia, udongo uleule waliokuwa wameutoa kwa majuma. Mtu mzima akaja mbio kutoka upande wa nyumba: alikuwa Mama Chama, jembe begani. Hakuuliza. Aliugonga ubao juu kwa mgongo wa jembe, akaugonga tena, ukashuka ghafla, na watoto wakaujazia udongo mpaka maji yakabaki kuvuja tu, kisha yakakoma.

"Na mayi yenye imepita?" Mama Chama akauliza, akihema.

Laurentine akaonyesha kidole. Ndani ya mfereji, maji yaliyokwisha kuingia yalikuwa yakiteremka bila haraka, yenye povu, kuelekea kisimani.

Mama Chama alikimbia kuliko alivyoonekana kuweza kukimbia. Alipita yale maji, akafika mbele yake, na pale mfereji ulipopakana na matuta yake akaanza kukata ukingo kwa jembe. Alikata kwa nguvu, bila kutazama kushoto wala kulia. Ukingo ukabomoka. Maji yakageuka, yakaacha njia ya kisima, yakaingia kwenye kabichi zake, kwenye vitunguu, kwenye lengalenga lililokuwa tayari kuchumwa, yakatandaa humo na kutulia.

Alisimama akitazama bustani yake ikinywa. Ndipo aliposikia mjukuu wake akilia.

Falonne alikuwa amemtoa Kiki na kumketisha kando ya kisima. Maji mabaya ya mwanzo, yaliyochanganyika na maji safi na kulitangulia povu, yalikuwa yamemfikia, yakaishia udongoni hatua chache kabla ya kisima. Miguu ilikuwa imewiva, lakini si miguu aliyoililia. Alikuwa amenawa uso. Joto la asubuhi, furaha, mikono miwili ya maji mapya usoni, kama mtoto yeyote.

"Kambo, sioni," alikuwa akisema, akimwita nyanya yake. "Kambo, sioni. Kambo."

Laurentine hakuwahi kuogopa vile maishani mwake, hata siku aliyofiwa na mama. Walimlaza Kiki chali, Mama Chama akachota ndoo kisimani, na Laurentine akayafungua macho ya mtoto kwa vidole vyake vilivyokuwa vikiungua, wakamwagia maji. Kiki alipiga mateke. Walimwagia. Ndoo nyingine. Watoto walipokezana kuchota na kumwagiana miguuni, na uwanja mzima ukawa tope na vilio. Walimwagia Kiki mpaka pikipiki mbili zilipopatikana, moja ikambeba yeye katikati ya dereva na nyanya yake, nyingine ikambeba Laurentine, mpaka hospitali ya mjini.

Njiani alijaribu kusali, akajikuta akirudia maneno yake mwenyewe ya darasani, weye chimba apa, weye ngoja, na kila aliporudia alijichukia zaidi.

Daktari alisema kumwosha mapema kumesaidia. Hakusema zaidi. Alimfunga Kiki macho yote mawili, akasema wangoje.

Kungoja kule ndiko kulikokuwa kubaya. Laurentine, mikono imefungwa bandeji, alikaa kwenye benchi la ukumbi siku baada ya siku. Mkuu wa shule, Prefe Casimir, alimsimamisha kazi kwa upole, akikwepa macho yake. Wazazi walikuwa wamefika shuleni kwa hasira. Miguu ya watoto wao ilikuwa na malengelenge, na baba mmoja alisema mbele ya wote: "Madame alivaa mabuti. Batoto betu, pekupeku." Laurentine aliletewa maneno hayo hospitalini. Yalikuwa kweli.

Mama Chama aliketi naye benchi moja kwa siku nyingi. Mwishowe, mchana mmoja, alizungumza huku akitazama ukuta.

"Siku ile. Ulimuona Kiki mu mufereji?"

Angeweza kusema hakuona. "Nilimuona, mama."

"Na ulibakia ku mulango ya mayi."

"Nilibakia."

Muuguzi alipita akaenda, akarudi. Laurentine alingoja pigo. Aliona afadhali lije.

"Kama ungemukimbilia," Mama Chama akasema, "mayi ingefika ku kisima. Minajua. Niko najua muzuri." Akajifuta uso kwa pindo la kitenge. "Lakini usiniombe nifurahi. Si leo."

"Sikuombi, mama."

"Basi."

Walipofungua macho ya Kiki, la kushoto lilikuwa limepona. La kulia liliona kama kuna moshi chumbani, na daktari akasema pengine moshi utapungua na pengine utabaki. Kiki alimtazama nyanya yake kwa jicho moja, kisha Laurentine, akauliza kama wenzake wote wazima. Laurentine alitoka nje ya wodi, akalia akiwa ameegemea ukuta wa jikoni ya hospitali mpaka mpishi akamletea kiti.

Lakini Kasungami hofu haikuwa imekwisha. Ilikuwa imehamia kisimani. Watu kutoka ofisi fulani mjini walikuja, wakajaza maji ya kijito na ya kisima kwenye chupa, wakaondoka, na majibu hayakurudi. Hakuna aliyethubutu kuchota. Nani angejua kama maji ya bustanini hayakuzama ardhini na kupita chini kwa chini? Akina mama walikwenda kuchota mbali, madumu kichwani, wakipita karibu na kisima kile wakikitazama kwa pembeni. Bustani ya Mama Chama ilikuwa imekauka yote, rangi ya kahawia, kana kwamba moto umepita bila kuwaka.

Laurentine ndiye aliyekwenda kwa Alphonse. Alphonse alikuwa mtu wa Kasenga, aliyeacha biashara ya samaki wa mto Luapula akaja kuchimba kidimbwi nyuma ya nyumba yake, ng'ambo nyingine kabisa ya kijito, akafuga samaki humo.

"Niko naomba samaki badogo, ba kuishi," akamwambia. "Nitabaweka mu mayi ya kisima."

Alphonse alielewa mara moja, akakuna kidevu. "Na kama banakufa?"

"Basi tutajua."

"Na kama hawakufa, utasema iko muzuri? Samaki si daktari, madame."

"Sitasema iko muzuri. Nitasema hawakufa."

Walileta mabeseni mawili uwanjani kwa Mama Chama. Katika la kwanza Alphonse alitia maji ya kijito. Katika la pili, maji ya kisima. Habari ilikuwa imekwishaenea, na watu walikuja mmoja mmoja mpaka wakajaa, hata yule baba aliyesema habari ya mabuti. Prefe Casimir alisimama nyuma, mikono mfukoni. Kiki aliketi kwenye kigoda, kitambaa juu ya jicho la kulia.

Alphonse akatia samaki.

Wale wa beseni la kwanza waliogelea kwa nguvu mno, wakizunguka, wakigonga ukingo, midomo juu. Mwanamke mmoja akasema, "Tazama, beko bazima," na kabla hajamaliza mmoja akalala ubavu. Kisha mwingine. Watu walisogea kwenye beseni la pili, wakainama, na Laurentine akaona kwamba kila mtu alikuwa ameshika pumzi, naye pia.

Samaki wa beseni la pili walikuwa wamesimama. Hawakuogelea. Walikaa chini kabisa, wamejikunyata pamoja, mapezi yakicheza kidogo.

"Njo banakufa?" Kiki akauliza.

"Banaogopa," Alphonse akasema. "Banahamia mayi mupya. Ubaache."

Jua lilizunguka. Watu walikwenda kupika bukari, ugali wa huko, wakarudi. Wengine walikula palepale, wakitazama. Mara mtu aseme kwamba mmoja anainama upande, na wote wakimbilie; mara aonekane amenyooka tena. Laurentine alikaa chini kwenye udongo na hakuondoa macho. Alifikiri juu ya watu wa mito ile ya kale, si wafalme wala ujenzi wao, bali mtu fulani asiyejulikana jina, aliyeinama juu ya maji mapya na familia yake nyuma yake, asijue.

Jioni samaki walikuwa wakiogelea. Hakuna aliyeshangilia. Mama Chama alisema, "Na kesho tubaangalie," akalifunika beseni kwa wavu ili paka asiharibu.

Asubuhi walikuwa wazima. Watu walikuwa wengi kuliko jana. Mama Chama alitoa wavu, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kisimani bila kumwambia mtu. Walisikia kamba ikiteremka, ndoo ikipiga maji. Akarudi, akachota kikombe cha bati.

"Mama, ungoje basi," Laurentine akasema, akainuka. "Nipe miye. Ni miye nilileta mufereji."

"Kisima ni cha baba yangu," Mama Chama akajibu, na akanywa. Alikunywa chote, polepole, akajifuta mdomo. Kisha akaketi kwenye kigoda karibu na mjukuu wake, mikono juu ya magoti, na watu wote wakamtazama kama walivyowatazama samaki.

Muda ukapita. Kuku wakapekua. Mtoto mgongoni mwa mama yake akalia, akanyamazishwa.

"Kambo," Kiki akasema, akimgeuzia jicho lake zima. "Uko muzima?"

"Niko."

Kiki akanyoosha mkono kuchukua kikombe, naye achote. Mama Chama akakiweka mbali, upande wa pili.

"Bado," akasema. "Ngoja kwanza."